Askofu Frank Weston na Watu wa Shamba



Tarehe 2 Novemba ya kila mwaka tunapowaombea marehemu wote, sisi Waanglikana wa pwani hii tunaye mmoja wa kumkumbuka kwa namna ya pekee. Frank Weston, Askofu wa Unguja, alifariki siku hiyo hiyo ya mwaka 1924, huko Hegongo karibu na Magila, katika nchi ya Bonde. Wazee wetu walilijua sana jina lake. Vijana wetu wengi hawalijui, au wamelisikia tu likitajwa pamoja na majina mengine ya maaskofu wa zamani. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha yake kwa kifupi, na kukaa zaidi juu ya jambo moja alilolifanya mwaka 1920, kwa maana jambo hilo linatuhusu hata leo.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Mtu akipanda basi Buguruni kwenda mjini kwa Barabara ya Uhuru, atapita Ilala, na baada ya muda mfupi atafika Kariakoo. Kila siku tunalitaja jina hilo, tukienda kununua nguo, sufuria na mchele. Lakini si jina la Kizaramo, wala si neno la Kiswahili cha asili. Ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita, lililotamkwa na midomo ya watu wetu mpaka likawa letu. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, wapagazi wao waliwekwa kambi mahali pale. Walikuwa watu wa shamba. Walitolewa vijijini kubeba risasi na chakula cha askari katika vita ambayo hawakuulizwa neno lo lote juu yake, na makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Basi tunapokwenda Kariakoo tunakwenda mahali penye jina la watu hao. Na Frank Weston alitembea nao.

UJANA WAKE

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1893 akafaulu elimu ya dini kwa daraja la kwanza. Mwenye cheti cha namna hiyo angeweza kubaki chuoni, akaandika vitabu na kuishi kwa raha. Yeye alikwenda Stratford, mashariki ya London, kwa watu maskini. Akapewa ushemasi, kisha upadre, na baadaye akahudumu katika parokia ya Westminster. Mwaka 1898 akaja Unguja pamoja na Misheni ya UMCA.

Kanisa Kuu la Mkunazini lilikuwa limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Watumwa waliouzwa pale wengi walikuwa watu wa bara, wa Nyasa, wa Uyao na kwingineko, waliokamatwa mashambani kwao na kuletwa pwani. Kijana huyu alipoadhimisha Misa pale alijua amesimama juu ya nini. Hatuna budi kulishika jambo hili, maana ndilo lililomfanya baadaye atambue utumwa hata ulipokuja na jina jipya na karatasi za serikali.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha. Aliongoza chuo cha kuwaandaa mapadre Waafrika huko Mazizini, halafu toka mwaka 1901 akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Vijana wa Kiungani walitoka Unguja, Bonde na Ruvuma, na wengi wakawa walimu na mapadre. Kwa njia yao Weston alijifunza habari za vijiji kabla hajafika vijijini. Alikisema Kiswahili vizuri, akakitumia kufundishia na kuhubiria.

Tarehe 18 Oktoba 1908, siku ya Mtakatifu Luka, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Unguja. Dayosisi yake ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa na Unguja na Pemba, ilikuwa na Bonde, ilikuwa na mji huu wa Dar es Salaam, na kusini ilifika Masasi na Mto Ruvuma. Hakukuwa na basi wala lami. Askofu alikwenda kwa miguu, safari za siku nyingi, akilala vijijini na kuwasikiliza walimu na wazee. Na mtu aliyetembea hivyo hawezi kudanganywa na taarifa za ofisini.

MASHAURI YALIYOKATWA MBALI

Wakati ule bara ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazee wetu waliyaona mashauri yaliyokatwa mbali yakishuka kijijini kwa mkono wa akida na jumbe. Iliagizwa kodi, na watu wakatoa kodi. Iliagizwa pamba ilimwe katika mashamba ya pamoja, na watu wakalima pamba huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Hakuna aliyewauliza kama ardhi ile inafaa pamba, au nani atalinda mtama nguruwe wakija. Matokeo yake tunayajua. Mwaka 1905 ikazuka Vita ya Maji Maji, na ilipokwisha mwaka 1907 nchi nyingi za kusini zilikuwa majivu na njaa. Hata Misheni ya Masasi iliteketezwa katika vita hiyo.

Mithali yetu yasema asiyekuwapo na lake halipo. Watu wa shamba hawakuwapo shauri lilipokatwa, na lao halikuwapo.

Vita Kuu ilipokuja mwaka 1914, mapadre na walimu wa Misheni waliokuwa bara walifungwa na Wajerumani. Mapadre na walimu Waafrika waliteswa zaidi kuliko Wazungu, wala hawakuwa na kosa lingine ila kuwa watu wa Misheni ya Kiingereza. Askofu alikuwa Unguja, na moyo wake ulikuwa kwa watu wake waliokuwa ng'ambo.

Mwaka 1916 Waingereza walitaka wapagazi kutoka Unguja. Hapo Askofu alifanya jambo lililowashangaza wengi. Aliliongoza yeye mwenyewe kundi la wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha Meja, akavuka nao kwenda bara. Alitembea pamoja nao, akaangalia posho yao na wagonjwa wao.

Hatupendi kuficha lililo gumu katika habari hii. Wapo watakaouliza kama askofu alipaswa kushiriki katika kazi iliyowatoa watu majumbani kwao kwa vita ya Wazungu. Swali hilo ni la haki. Twaweza kusema kwamba alichagua kuwa pamoja nao kuliko kubaki salama Mkunazini akisikia habari zao. Lakini yalikuwapo maelfu ya wapagazi katika vikosi vingine ambao hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa uchovu, na makaburi yao hayajulikani.

Vita ilipokaribia kwisha, Weston aliandika waraka wa wazi kwa Jenerali Smuts, uitwao The Black Slaves of Prussia. Humo alieleza viboko, vifungo na kazi za shokoa chini ya Wajerumani, akitaka nchi hii isirudishwe kwao. Waraka ule uliwafurahisha Waingereza, nao wakausambaza. Ni rahisi kumpenda nabii anapomkemea jirani.

SHOKOA YA NCHI YA JIRANI

Sasa twafika kwenye jambo tulilolikusudia hasa.

Mwaka 1919, katika nchi ambayo mwaka uliofuata ilikuja kuitwa Koloni la Kenya, walowezi wa Kizungu walikuwa wakilalamika kwamba hawapati vibarua. Wapagazi wengi mno walikuwa wamekufa vitani, na baada yao njaa na homa ya mafua ya mwaka 1918 vilikuwa vimeua watu vijijini. Waliobaki walitaka kukaa kwao wajenge nyumba zao na kulima mashamba yao. Lakini walowezi walikuwa na njia ya kufika kwa Gavana, Sir Edward Northey. Wakulima hawakuwa nayo. Katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi ile hakuwapo Mwafrika hata mmoja, wala hakuingia Mwafrika mpaka mwaka 1944.

Oktoba 1919 ukatoka waraka wa serikali. Mabwana shauri waliagizwa watumie uwezo wao wote wa halali kuwatoa vijana vijijini wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Machifu na wazee waliagizwa kusaidia. Iliagizwa pia kwamba iandikwe orodha ya machifu waliosaidia na wasiosaidia. Mahali ambapo mashamba ya walowezi yalikuwa karibu, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kazini.

Tufikiri kidogo juu ya orodha ile. Waraka haukutumia neno la kulazimisha. Lakini chifu aliyejua kwamba jina lake litaandikwa upande wa wasiosaidia angefanya nini? Angetuma watu wake mlango kwa mlango. Na kijana aliyegongewa mlango usiku na mtu wa chifu angejuaje kwamba huo ni ushauri tu? Ndivyo shauri la mbali linavyofanya kazi. Huko linakoandikwa lina maneno ya upole, na likifika kijijini lina fimbo.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na mkubwa wa Misheni ya Kiskoti, walitoa maoni yao mwishoni mwa mwaka huo huo. Waliona hatari ya waraka ule, nao walitaka wanawake na watoto walindwe. Lakini walikubali kwamba kazi ya lazima huenda ikahitajika kwa wakati ule, wakasema kama ni lazima basi iwe wazi, kwa sheria, chini ya serikali. Walitafuta kupunguza ubaya.

Askofu Weston hakukubali. Kenya haikuwa dayosisi yake, na angeweza kusema hayamhusu. Tena alikuwa amekwisha kugombana na maaskofu wa dayosisi hizo hizo mwaka 1913 juu ya mkutano wa Kikuyu na mambo ya umoja wa makanisa, na watu wangeweza kudhani anaendeleza ugomvi wa zamani. Hata hivyo hakunyamaza. Mwaka 1920 alikwenda Uingereza kwa Mkutano wa Lambeth, na mwaka huo akatoa kijitabu kiitwacho The Serfs of Great Britain. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kumlazimisha mtu aache shamba lake akatumikie shamba la mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni utumwa, hata akilipwa, na hata bendera inayopepea ni ya Uingereza. Aliyoyasema juu ya Wajerumani, sasa aliyasema juu ya watu wa taifa lake mwenyewe. Safari hii hawakufurahi.

Hakuwa peke yake. J. H. Oldham, aliyekuwa mtumishi wa umoja wa misheni, alikusanya sahihi za wakuu wa makanisa na watu wengine mashuhuri, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury, na shauri likapelekwa mbele ya Waziri wa Makoloni, Lord Milner. Mwaka 1921 waziri aliyemfuata, Winston Churchill, alitoa agizo kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena kuwatafutia vibarua watu binafsi, na kwamba kazi ya lazima ya serikali iwekewe mipaka.

Huo ulikuwa ushindi, lakini tusiukuze kupita kiasi. Kodi ilibaki, na kwa sababu ya kodi watu walilazimika kwenda kutafuta fedha kwa walowezi. Kipande kilibaki, kikining'inia shingoni mwa kila mwanamume. Wakulima wa Kenya hawakukaa kungojea maaskofu. Mwaka 1921 kijana Harry Thuku aliwakusanya watu kupinga kodi, kipande, kupunguzwa mshahara na shokoa ya wanawake. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kumdai, nao wakapigwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walikuwa 21. Askofu alikuwa amesema kwa ajili yao, nao walikuja kusema wenyewe, na kwa damu.

MWISHO WA SAFARI

Julai 1923 Askofu aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wa Kikatoliki huko London. Waliokusanyika walipenda sana Misa, uvumba na heshima ya Sakramenti. Yeye naye aliyapenda. Lakini aliwaambia bila kuwabembeleza kwamba haiwezekani kumsujudia Yesu katika Sakramenti na kumpita Yesu huyo huyo katika watu wanaokandamizwa na kukaa katika vibanda vibovu. Aliwataka watoke kanisani wakamtafute huko.

Kisha akarudi kwa watu wake. Hakuitafuta nafasi ya raha huko Uingereza. Mwaka uliofuata, akiwa katika kazi zake huko Bonde, aliugua kwa siku chache, akafariki Hegongo akiwa na umri wa miaka 53.

Kazi aliyoiacha iliendelea. Shirika la masista alilolianzisha Unguja mwaka 1911, Shirika la Mateso Matakatifu, liliendelea kuwahudumia wagonjwa na watoto. Chuo cha Kiungani kilihamia Minaki mwaka uliofuata kifo chake. Masasi ikawa dayosisi mwaka 1926, na Dar es Salaam yetu mwaka 1965.

TUNALOJIFUNZA

Ndugu zetu, kama habari hii ingekuwa ya wakoloni tu, tungeisoma, tukashukuru kwamba wamekwenda, tukafunga gazeti. Lakini sivyo.

Baada ya Weston, mwaka 1947 Waingereza walikata shauri London kwamba Kongwa, Urambo na Nachingwea zitalimwa karanga kwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wagogo wangeweza kuwaambia habari za mvua ya Kongwa, kama wangeulizwa.

Na tulipojitawala? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba watu wa mijini wanaweza kuwanyonya watu wa vijijini. Hata hivyo mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Nia ilisemwa kuwa njema. Lakini mkulima wa kahawa au pamba aliamka akakuta mahali pake pa kusemea hapapo. Ilibidi sheria za mwaka 1982 zitungwe ili vyama na halmashauri vianze kurudi. Basi kumsahau mtu wa shamba si dhambi ya Mzungu peke yake. Ni dhambi ya kila mwenye kukaa mahali shauri linapokatwa.

Na sisi wa Buguruni tunakaa wapi? Mahali hapa palikuwa kijiji cha Wazaramo chenye minazi kabla mji haujatanuka na kukimeza. Wengi wetu tumetoka Bonde, Masasi, Dodoma, Kisarawe, au wazazi wetu walitoka huko. Msimu wa machungwa ukifika tunauliza sokoni kama ni ya Muheza, na tukiambiwa bei tunalia kwamba ni ghali. Ni mara ngapi tumeuliza mkulima wa Muheza amepata shilingi ngapi? Tunakaa vikao vya ukoo hapa mjini, tunaamua shamba la babu liuzwe au lisiuzwe, kisha tunampigia simu mama aliyebaki akililima, tunamwarifu. Hatukumwuliza. Tumemwarifu. Mama huyo naye hakuwapo, na lake halikuwapo.

Hata kanisani ni hivyo. Parokia za mjini zina wasomi, zina magari, zina wajumbe wanaojua kusema mbele za watu. Mtaa wa kijijini una katekista mmoja na baiskeli mbovu. Likija shauri la fedha au la kupeleka padre, ni rahisi sauti ya mjini ikasikika mara mbili.

Askofu Weston hakuwa mtu asiye na kosa. Alikuwa mkali, aligombana na wengi, na alikuwa mtu wa zama zake. Lakini alikwenda kwa miguu akasikiliza, na alipoingia katika nyumba za wakubwa hakuyasahau aliyoyasikia. Hilo twaweza kumwiga bila kuwa maaskofu. Tukiwa na kikao cha ukoo, tumngoje aliye shamba, au tumtumie nauli aje. Tukiwa wajumbe wa halmashauri ya kanisa au ya mtaa, kabla ya kuinua mikono tuulize nani hayupo na jambo hili linamhusu.

Jumapili ijayo, tukipita Kariakoo baada ya Misa, tuwakumbuke wapagazi wale waliolala porini bila kaburi. Tumwombee na mtumishi wa Mungu Frank, askofu wetu wa zamani. Ee Bwana, uwape pumziko la milele, na utufundishe sisi tulio mjini kuwasikiliza walio mbali. Amina.